Notisi Nzuri za Saara Kangas

Mtoto wa kaka yangu, Saara, alikuwa na notisi nzuri kuliko mtu yeyote hapa Thunder Bay, na alikuwa hajui kitu. Nasema hivyo kwa mapenzi yote ya shangazi. Ungefungua daftari lake ungedhani umeshika kadi ya harusi. Kichwa cha habari kimeandikwa kwa herufi za mapambo, kila herufi na kivuli chake upande wa kulia. Chini yake mstari wa rangi ya waridi, pembeni maua, na katikati ya maua figo la mbwa, limepakwa zambarau, linatabasamu. Linatabasamu! Nimefanya kazi na madereva wa malori ya magogo nusu ya maisha yangu na nimeona mambo ya kila aina, lakini figo lenye meno sikuwahi.

Picha za notisi hizo alikuwa akizirusha mtandaoni, na watu wasiomjua wala kumuona wakimjazia mioyo myekundu. Mmoja aliandika, "Natamani ningekuwa na ubongo wako." Nilimshauri Saara amjibu kwamba ubongo upo, haujaguswa, bado uko kwenye boksi lake.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa darasa moja, mimi na yeye, kwenye kozi ya uuguzi wa wanyama. Mimi niliingia chuo baada ya kampuni ya magogo kufunga milango na kuniacha na redio niliyokuwa nikiongozea madereva, isiyo na wa kuongea naye. Yeye aliingia kwa sababu anapenda mbwa. Somo la fiziolojia alikuwa ameshalifeli mara moja, na chuo chetu huruma yake ni ya mara moja tu. Ukifeli tena somo lile lile, unarudisha koti jeupe la chuo na unakwenda zako. Kwa Saara, kwenda zake kulikuwa na anwani kamili, nayo ni gari la baba yake, kaka yangu Reino, lililoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kwamba Kangas wanasafisha mazulia. Reino hakuwa na ubaya wowote. Alikwisha kumwambia tu kwamba nafasi ipo, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Kila alipoambiwa asiwe na wasiwasi, Saara alikuwa ananunua kalamu nyingine.

Aliyetufundisha ni Dokta Hrynchuk, mama mfupi aliyekuwa daktari wa ng'ombe huko kwenye nyanda za ngano kabla hajahamia kwetu. Sauti yake bado ni ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya uzio. Hagawi makaratasi wala haweki kitu chochote kwenye mtandao wa chuo. Anaongea, anachora ubaoni kwa mkono wa kulia, anafuta kwa wa kushoto. Ukipepesa macho, moyo wa farasi umeshakuwa tumbo la kondoo.

Upande mmoja wangu alikaa Everett Dumoulin na laptopu yake. Everett alikuwa na imani moja maishani, kwamba neno likishaingia kwenye mashine limeshaingia kichwani. Vidole vyake vilikimbia kama panya darini, na hakuacha kitu. Siku moja Dokta alikatiza mhadhara akauliza nani ameacha dirisha wazi kwenye baridi hii. Nikachungulia kioo cha Everett. Dirisha limo, limekaa vizuri kabisa kati ya moyo na mapafu.

"Everett," nikamnong'oneza, "na kikohozi chake umekiandika?"

"Usinichanganye, Bi Irja, nitaachwa nyuma."

Upande wa pili alikaa Saara na kalamu zake, zimepangwa kwa rangi kama meno. Dokta akifika kwenye kazi ya figo, Saara alikuwa bado anamalizia kivuli cha neno "Figo".

Mimi nilikuwa nakunja ukurasa kwa urefu, theluthi ya kushoto naiacha tupu, halafu nasikiliza mkono umetulia. Huo si ujuzi wa chuo. Ni wa redio. Dereva aliye kwenye kona yenye barafu hakupi habari mara mbili, wala hangojei upambe herufi. Unasikiliza mpaka amalize, ndipo unaandika kitu kimoja: nani asipite wapi. Nilijifunza hivyo kwa kutukanwa na wanaume wenye magogo mgongoni, na sidhani kuna shule iliyo bora zaidi. Kwa hiyo Dokta alipokuwa akivuta pumzi, mimi niliandika sentensi moja ya kwangu, si ya kwake. Mhadhara ukiisha, kabla sijainuka kitini, narudi kwenye ile theluthi tupu na kujiuliza maswali ambayo majibu yake yako kulia. Kesho yake naziba kulia kwa kiganja najaribu kujibu. Basi. Kitabu nacho nakisoma hivyo hivyo: kipande kimoja, nafunga, nasema, naandika, nafungua kuona nimedanganya wapi. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya kurusha popote.

"Mwandiko wako, Shangazi," Saara alikuwa akiniambia, "ni kama kuku aliyepewa habari mbaya."

"Kuku huyo anajua kongosho liko wapi. Wa kwako amevaa vizuri, amepotea njia."

Alicheka. Wakati huo bado alikuwa anacheka.

Halafu ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Wenye vyuo hivi vyetu wana kawaida moja ya huruma: unaruhusiwa kuingia na karatasi moja, pande zote mbili, iliyoandikwa kwa mkono wako. Ungeona watu walivyoihangaikia karatasi hiyo! Mtu ambaye hajafungua kitabu tangu Septemba anageuka mchora ramani. Everett alinunua kalamu yenye ncha ya sindano akakiingiza kitabu kizima kwenye karatasi moja, herufi ndogo kuliko mayai ya chawa, kisha akaja na lenzi ya sonara, ile ya kubana jichoni. Mtihani mzima aliinama hivyo, jicho moja limefumba, anapiga doria kwenye karatasi yake akitafuta neno "kongosho". Alilipata Dokta alipokuwa anakusanya.

Karatasi ya Saara ilikuwa haina haja ya lenzi. Ilikuwa na haja ya fremu. Alama alizopata kuzitaja ni kumkosea adabu. Ila hesabu yake ilikuwa wazi kwetu sote wawili: mtihani wa mwisho asipoufanya vizuri, koti linarudi.

Wiki mbili kabla ya huo wa mwisho, Dokta alisimama mbele ya ubao, akafunga vifungo vya sweta, akasema, "Sasa sikilizeni. Safari hii karatasi nitaitoa mimi. Jumatatu, si hii, ile ya baada yake, mtaiandikia hapa, mbele yangu. Bila kitabu, bila daftari, bila simu, na bila vioo vya jichoni, Bwana Dumoulin. Kilichoko kichwani ndicho kitakachoingia kwenye karatasi. Nitazikusanya, na siku ya mtihani nitawarudishia."

Everett akanyoosha mkono.

"Dokta, na kama hamna kitu kichwani?"

"Basi siku ya mtihani utakuwa na karatasi safi ya kufutia machozi."

Nilicheka peke yangu. Nilipogeuka, Saara alikuwa ameshika kalamu ya zambarau hewani, haishuki wala haipandi.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, akaja kwangu. Alikuja na begi la vitabu, mfuko wa kalamu, na uso wa mtu aliyeleta mgonjwa. Nikamwekea kahawa na mkate mtamu wa iliki, maana hata wa kumcheka lazima ale.

"Shangazi, nisaidie."

"Kukusaidia nini? Rangi zimeisha?"

"Shangazi, bwana! Nisaidie kweli. Nikifeli hii nitaishia kwenye mazulia."

"Haya, toa kitabu."

Akatoa. Nikakifungua, nikakifunga, nikakifungua tena mahali pengine. Njano. Kurasa zote njano, mwanzo hadi mwisho, kama kimeangukia kwenye mchuzi wa bizari.

"Umekipaka chote."

"Nimepaka yaliyo muhimu tu."

"Na hii namba ya ukurasa ni muhimu?"

"Hiyo kalamu iliteleza."

"Na hizi shukrani kwa mke wa mwandishi? Naye ana figo?"

Nikakiweka kitabu juu ya friji, na daftari lake juu ya kitabu.

"Niambie figo linafanya nini."

"Linachuja damu."

"Halafu?"

"Halafu..." Macho yakapanda kwenye friji. "Iko kwenye ule ukurasa wa zambarau, juu kulia, karibu na ua."

"Sijauliza linakaa wapi kwenye daftari. Nimeuliza linafanya nini kwenye mbwa."

"Ninalijua, Shangazi. Nikiliona ninalijua."

"Hata mimi nikimuona waziri mkuu ninamjua. Haimaanishi naweza kukueleza nchi inaendeshwaje."

Nikampa karatasi tupu na penseli nene ya seremala iliyokuwa kwenye droo, ile isiyo na ncha ya kujidai. Nikamwambia aandike lolote analolijua kuhusu figo, kwa maneno yake, vibaya apendavyo. Akainama. Nikageukia jiko kupasha kahawa. Niliporudi, kwenye karatasi kulikuwa na herufi F moja, kubwa, nzuri, na alikuwa anaitia kivuli.

"Kivuli cha nini?" nikauliza. "Jua liko upande gani?"

"Ninaanza tu! Lazima nianze mahali!"

"Umeanza muhula mzima, mama. Wengine tulishafika kwenye kibofu." Na kwa kuwa nilikuwa nimechangamka, sikuishia hapo. "Nikwambie kitu? Wewe unaandika ili usifikiri. Mkono ukiwa kazini, kichwa kinapewa likizo. Na wale wajinga wanaokurushia mioyo kwenye simu nao wanapenda hivyo hivyo, wanaangalia notisi za mtu mwingine wanajiona wamesoma. Mko kijiji kizima cha watu wasiojua figo."

Penseli ikaanguka chini.

"Unajua ilivyo, Shangazi?" Sauti ilikuwa imebadilika. "Kukaa pale, yule mama anaongea, sielewi hata neno moja, na wewe hapo pembeni umekunja mikono unatikisa kichwa kama unasikiliza taarifa ya hali ya hewa? Nikishika kalamu angalau ninaonekana nafanya kitu. Nikiiacha, si nitabaki nimekaa tu, mjinga, kila mtu ananiona!"

"Sasa hapo ndo umesema jambo la kwanza la maana tangu Septemba."

Nilidhani nimemsifu. Yeye alichukua koti lake la baridi, akatoka, akaacha kalamu zote mezani na mkate nusu. Mtu mwema angemfuata hadi kwenye theluji. Mimi niliumalizia ule mkate, halafu nikakaa nikiutazama ule mfuko wa kalamu, na haukunichekesha kama siku zote.

Kesho yake mchana Reino akapiga simu.

"Irja, umemwambia nini mtoto?"

"Kwa nini?"

"Amekuja kazini mwenyewe. Sijamwita. Tuko kwenye ukumbi wa kanisa, anasukuma mashine tangu ibada ilipoisha. Ana mkono mzuri, ujue. Nitamfundisha ile kubwa."

Alisema kwa furaha kabisa. Nikavaa buti nikaenda, mfuko wa kalamu mkononi, maana sikuwa na kisingizio kingine.

Kina mama wa kanisa walikuwa wanaondoa vikombe, na kulikuwa na keki iliyobaki, kwa hiyo nilichelewa kidogo kufika kwenye zulia. Saara alikuwa katikati ya ukumbi, suruali imelowa hadi magotini, anasukuma ile mashine yenye matangi mawili. Hakunisalimia.

"Nimekuletea meno yako," nikasema, nikamuonyesha mfuko.

"Wape watoto wa shule ya Jumapili. Mimi nina kazi."

"Ukiacha chuo sasa hivi, Dokta hatakuwa na wa kumchekesha."

"Mwambie amcheke Everett."

Reino alikuwa amepiga magoti pembeni, anaminya zulia kwa kiganja, anaguna. "Haivuti. Tazama, nimelowesha kanisa zima. Mchungaji atadhani nimekuja kubatiza."

Saara akasimama. "Kwani huwa inarudisha maji kiasi gani, Baba?"

"Karibu yote. Inamwaga mengi, inavuta mengi, masafi yanarudi kwenye tangi la kwanza. Kinachobaki kwenye tangi la uchafu ni kidogo, cheusi, kizito. Ndo inavyotakiwa. Leo inamwaga tu."

Yule mtoto alibaki ameshika mpini, anaangalia bomba, anaangalia tangi, anaangalia zulia. Nimeona sura hiyo kwa madereva, ile dakika wanapotambua kwamba barabara waliyo juu yake si ile waliyodhani.

"Shangazi," akasema taratibu. "Figo halichuji."

"Ebo. Jana lilikuwa linachuja."

"Linachuja, sawa, lakini kwanza linamwaga. Linamwaga karibu kila kitu, maji, chumvi, sukari, halafu ndo linavuta vile linavyovitaka. Kinachobaki ndo mkojo. Kidogo, kizito." Akageuka kwa baba yake kama amesahau nipo. "Sasa ikishindwa kuvuta, unajuaje kilichoharibika ni nini?"

"Mota, au swichi," Reino akasema. "Swichi ikifa, mota haipati habari. Mota ikifa, hata ukiipa habari haisikii."

"Na unazitenganisha vipi?"

"Naruka swichi. Napeleka umeme moja kwa moja kwenye mota. Ikivuta, mota nzima, swichi ndo mbovu. Isipovuta, nanunua mota."

"Homoni," Saara akasema.

"Nani?"

"Swichi iko kwenye ubongo, Baba. Inatuma homoni. Figo ndo mota." Akachukua kipande cha boksi la sabuni, akachomoa mfukoni mwa baba yake kalamu ya kuandikia risiti, akapiga magoti kwenye maji akaanza kuandika. Hakuandika kichwa cha habari. Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwenye keki, namsimulia mama mmoja habari ya lenzi ya Everett, kwa hiyo mengine waliyoongea sikuyasikia. Jambo hilo lilikuja kunigharimu.

Wiki iliyofuata Saara hakuomba msaada wangu. Alisoma kivyake. Alikuwa anasoma kipande, anafunga kitabu, anauliza swali kwa sauti, anajijibu, anajitukana, anafungua. Karatasi zake zikawa na mikwaruzo na mishale, na pembeni maswali: isipovuta je? damu ikiwa nyepesi je? ng'ombe tofauti gani? Kitu asichokielewa alikiandikia "HAPANA" akampelekea Dokta ofisini. Dokta mwenyewe alinisimamisha mlangoni siku moja akaniuliza, yule mpwa wako anaumwa? Amekuja kuniuliza swali.

Kule mtandaoni aliweka karatasi moja tu, ile ya boksi la sabuni. Mtu mmoja akamuandikia pole, akamuuliza kama amefiwa.

Jumatatu tukaingia, meza tupu, Dokta akagawa karatasi. Mimi niliimaliza yangu mapema nikakaa kutazama watu, burudani isiyo na kiingilio. Everett alikuwa ameweka vidole juu ya meza kama iko laptopu pale. Vilikuwa vinachezacheza. Mwishowe aliandika "Moyo", akaupigia mstari, akaandika "Mapafu", akaupigia mstari, akatazama dari muda mrefu sana, akaupigia "Moyo" mstari wa pili. Jamaa ana kila neno alilolisema yule mama tangu Septemba, na hana hata moja la kwake.

Saara alianza kwa kukosea. Niliuona mkono wake unaenda juu ya karatasi, unaanza kuchora ile herufi ya harusi. Ukasita. Akaikata kwa mstari mmoja, akateremka chini, akachora mashine mbaya yenye bomba na matangi mawili, akaanza kuandika kuizunguka, haraka, vibaya, anafuta kwa kidole. Muda ulipokwisha karatasi yake ilikuwa na nusu tupu. Aliitoa akiwa amekunja uso.

"Nusu tu," akaniambia nje. "Nusu nyingine yote sijui, Shangazi."

"Mara ya kwanza ulijua F. Umepanda cheo."

"Nikifeli usije ukanichekesha. Siku hiyo tu."

Nikamuahidi. Ilikuwa ahadi ngumu.

Siku ya mtihani Dokta akaturudishia karatasi zetu, na ndani ya mtihani kulikuwa na swali moja lililobeba alama kuliko mengine yote. Ameletwa mbwa mzee, amekaukiwa maji, fizi zinanata, lakini mkojo wake ni mwingi na mwepesi kama maji ya bomba. Eleza. Nilifurahi nusura niimbe. Niliandika kama nilivyofundishwa na redio, kitu kimoja, kifupi, kisicho na pambo: figo limekufa. Nikaenda swali lingine.

Tulipotoka tukakaa kantini, mimi, Saara na Everett, tukila yale maandazi makubwa ya hapa kwetu yenye sukari ya waridi juu. Everett alikuwa anapekua laptopu.

"Mbwa mzee, mbwa mzee... nimeandika mbwa mahali pengi sana. Bi Irja, uliandika nini?"

"Figo limekufa. Mchana mwema, swali linalofuata."

Saara akaacha kutafuna. "Umeandika hivyo tu?"

"Mbwa kakauka, mkojo mwepesi, figo halivuti. Ulitaka nimchoree maua?"

"Shangazi, na kama figo ni zima? Kama ubongo ndo hautumi homoni? Mkojo si utakuwa mwepesi vilevile?"

"Mbwa mzee..."

"Uzee si jibu. Kwanza unampima damu, ikijaa uchafu ambao figo lingeutoa, figo lina kesi. Isipojaa, unampa homoni wewe mwenyewe, kwa sindano, kwa uangalifu maana ameshakauka. Mkojo ukiwa mzito, figo liko sawa, ubongo ndo umelala. Usipobadilika, figo ndo halisikii." Alikuwa anaongea mdomo umejaa, vidole vina sukari, anachora hewani bomba na tangi, na hakutazama kitu chochote zaidi ya uso wangu. "Ukiandika figo limekufa na halijafa, umemwambia mtu akazike mbwa mzima."

Everett alikuwa ameshaanza kuchapa. "Rudia hapo kwenye sindano."

"Funga hiyo kitu, Everett," Saara akamwambia. "Nisikilize kwanza."

Matokeo yalitoka Ijumaa. Dokta aliwaita watu mmoja mmoja ofisini, akawakabidhi karatasi bila maneno mengi. Saara aliingia kabla yangu. Alipotoka alikuwa ameishika karatasi kifuani, na nilikuwa nimeshameza mzaha wangu wote kama nilivyoahidi. Akanigeuzia. Alikuwa amefaulu. Si kwa kishindo, ile nusu aliyokuwa haijui ilimuumiza, lakini amefaulu, na kwenye swali la mbwa Dokta alikuwa amechora duara kuzunguka alama zote.

Kisha nikaingia mimi. Na mimi nilifaulu, asante. Kwenye swali la mbwa nilipewa robo, na pembeni mwandiko wa Dokta: "Umesikia kituo kimoja tu, figo. Ubongo je?"

Nilipotoka, Saara alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, ananingojea, koti jeupe limekunjwa mapajani. Nikampa karatasi yangu, maana angeiona tu. Akaisoma. Akanitazama. Nilijua kinachokuja, ningefanya vilevile mimi, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Lakini alisogea tu, akaacha nafasi pembeni yake.

"Kaa hapa, Shangazi," akasema. "Nianzie wapi, kwenye damu au kwenye homoni?"

Nilitafuta neno la kumcheka, nikatafuta kweli kweli. Nikakaa.

"Kwenye damu," nikasema. "Na usiende mbio."